Jinsi ya Kuanzisha Chama cha Wapenzi wa Watambaazi na Amfibia: Mwongozo Kamili

Chama cha kwanza nilichoshiriki kukianzisha kilikufa baada ya mikutano minne. Tulikuwa na katiba ya kurasa kumi na moja, muhuri, mwenyekiti na makamu wake. Tulichokosa ni kazi ya kufanya. Kila mkutano watu walikuja na wanyama wao ndani ya masanduku, tukashangaa, tukapiga picha, tukatawanyika. Mkutano wa tatu, nyoka wa mwenzetu mmoja alikuja na utitiri. Hatukujua mpaka wiki chache baadaye, nyoka wa watu wengine watatu walipoanza kushinda wamejikunja ndani ya bakuli la maji huku vidoa vyeusi vikielea juu yake. Mkutano wa nne tulikuwa sita. Tukalaumiana, tukafunga virago.

Cha pili kilianza na watu wanne, tochi tatu na mtaro wenye vyura. Kilikaa miezi saba bila jina. Hicho kipo hadi leo.

Mwongozo huu unatokana na tofauti ya vyama hivyo viwili. Chama cha namna hii hudumu kikiwa cha kuwaendea wanyama walipo. Wenye kufuga wana nafasi yao, na nitawafikia, lakini ukiwafanya wao kuwa msingi utaishia kwenye bakuli la utitiri kama sisi.

Kabla ya yote: andika sentensi moja

Watambaazi ni nyoka, mijusi, kinyonga, kenge, kobe, kasa na mamba. Amfibia ni vyura, salamanda na sesilia, wale wasio na miguu wanaofanana na minyoo minene na wengi wao huishi chini ya udongo. Elimu yao kwa pamoja huitwa hepetolojia. Spishi zinazojulikana zimepita 12,000 kwa watambaazi na 8,000 kwa amfibia. Kiukoo makundi haya hayako karibu kama watu wanavyodhani. Mamba ana undugu wa karibu na kuku kuliko alio nao na mjusi. Wamewekwa kapu moja kwa sababu anayewatafuta huwatafuta kwa njia ile ile: usiku, kwa tochi, akiinua magogo.

Sasa andika sentensi moja ya kueleza chama chenu kinafanya nini. Yetu ilikuwa hii: "Tunatafuta, tunatambua na kuandika watambaazi na amfibia wa eneo letu, na tunawaacha walipo." Ukishindwa kuiandika, usiitishe mkutano bado. Sentensi hiyo ndiyo utakayomwonyesha mwenye shamba atakapouliza mnatafuta nini kwake saa mbili usiku.

Hatua ya 1: Tafuta watu wanne, arobaini watakuja wenyewe

Tangazo la "karibuni kwenye kikao cha kuunda chama" huvuta watu wa vikao. Tangaza tendo badala yake: "Matembezi ya kusikiliza vyura, Jumamosi saa moja usiku, njoo na tochi na viatu vya kufunika mguu." Atakayekuja ni yule unayemtaka.

Pa kuwatafuta: walimu wa baiolojia, waganga wa mifugo, wapiga picha za wadudu, watu wa vikundi vya kutazama ndege (hawa tayari wana nidhamu ya kuamka mapema na kuandika walichoona), wavuvi wa mabwawani, na yule jirani anayeitwa kila nyoka akionekana mtaani. Huyo wa mwisho mtafute mapema kuliko wote. Mara nyingi anajua kuliko vitabu kuhusu eneo lake, na mara nyingi pia ana tabia mbili tatu za hatari ambazo ni rahisi kuzirekebisha akiwa ndani ya chama.

Kila mgeni muulize swali moja: "Ungependa tufanye nini mwezi ujao?" Anayejibu "nataka kujua yule anayelia kwenye bomba la nyuma ya nyumba ni nani" ni wako. Anayeuliza nyoka anauzwa kiasi gani, msalimie vizuri, ila usimpe ramani ya maeneo yenu.

Hatua ya 2: Sheria kwanza, jina baadaye

Karibu kila nchi ina sheria ya wanyamapori, na nyingi hazitofautishi kati ya mpenzi wa kinyonga na mlanguzi wa kinyonga. Kumkamata, kumsafirisha, kumfuga, hata kumbeba aliyekufa, vinaweza kuhitaji kibali. Nenda ofisi inayohusika na wanyamapori ukiwa na maswali matatu kwenye karatasi: Je, kutazama na kupiga picha bila kugusa kunahitaji kibali? Je, kumshika mnyama kwa dakika chache na kumwachia hapo hapo kunahitaji? Ni spishi zipi za eneo hili zinalindwa? Omba majibu kwa maandishi. Ofisa akikwambia "haina shida" kwa mdomo, mwombe kwa upole aandike kwamba haina shida.

Juu ya sheria ya nchi kuna mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini 1973 na kuanza kazi 1975. Unasimamia biashara na usafirishaji wa kuvuka mipaka, na ndani yake wamo chatu wote, mamba wote na takriban kila kinyonga. Mwanachama anayepanga kumtumia rafiki wa nchi nyingine kinyonga ndani ya kifurushi anakiburuta chama kizima kwenye jinai.

Halafu kuna mwenye ardhi. Ruhusa yake iombwe mchana, ana kwa ana, na apewe siku na saa.

Hatua ya 3: Kanuni nne zisizopigiwa kura

Mengine yote mtayajadili. Haya manne mwanzilishi ayaweke mezani kabla mtu hajajiunga.

*Hakuna anayeshika mnyama mwenye sumu.* Hata aliyewahi. Hata kwa picha. Hata "huyu mdogo tu". Tarehe 25 Septemba 1957, Karl P. Schmidt, mmoja wa wanahepetolojia wakubwa wa Marekani, aliletewa nyoka mchanga kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, amtambue. Alikuwa boomslang, nyoka wa mitini kutoka Afrika. Alimshika nyuma kidogo ya mahali alipopaswa, na jino moja likamchoma kidole gumba. Meno ya sumu ya nyoka huyo yako nyuma ya kinywa, na yeye mwenyewe alikuwa mchanga, kwa hiyo Schmidt hakuona jambo la kumpeleka hospitali. Alikaa akaandika dalili moja baada ya nyingine kwenye daftari. Kesho yake mchana alikuwa amefariki. Mwaka 1975 mwanahepetolojia mwingine mashuhuri, Robert Mertens wa Ujerumani, alikufa kwa kuumwa na nyoka wa mitini aliyekuwa akimfuga mwenyewe. Mtu akikwambia ana uzoefu, mpe majina hayo mawili.

*Hakuna mnyama wa porini anayekwenda nyumbani na mtu.* Wala kiluwiluwi kwenye chupa kwa ajili ya mtoto.

*Mahali kamili hapatangazwi.* Picha ya kobe adimu ikiwa na jina la kijiji ni mwaliko kwa mwizi. Simu nyingi huhifadhi mahali ndani ya picha yenyewe. Zimeni kipengele hicho, au mfute taarifa hizo kabla ya kutuma popote.

*Kila kilichohamishwa kinarudishwa kilipokuwa.* Jiwe, gogo, gome, rundo la majani. Chini ya gogo kuna unyevu uliojengeka kwa miaka, na gogo lililoachwa limepinduliwa ni nyumba iliyoezuliwa paa.

Hatua ya 4: Matembezi ya kwanza ya usiku

Hapa ndipo chama kinapozaliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anza na vyura. Nyoka anaweza asionekane wiki nzima na watu wakakata tamaa, lakini mvua zikianza, dimbwi lolote zuri lina kwaya. Nenda kwanza mchana na mwenzako mmoja. Tazameni ukingo unaoteleza, waya, kisima kisichofunikwa, mbwa wa jirani. Pimeni njia: mita mia tano zinatosha saa mbili za kutembea kama mnatazama kweli. Angalieni simu inashika wapi na wapi haishiki. Ulizeni hospitali gani ya karibu ina dawa ya sumu ya nyoka, na mkubaliane gari la nani litatumika na ufunguo utakaa kwa nani. Kundi lisizidi watu kumi. Mbele atangulie anayeijua njia, nyuma afuate mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa.

Vifaa ni vichache: tochi ya kichwani kwa kila mtu na betri za akiba, gambuti au buti zinazopita kifundo, suruali ndefu, daftari na penseli (wino hulowa), maji ya kunywa, glavu nyepesi zisizo na unga, na rula fupi ya kuweka kando ya mnyama mnapopiga picha. Mafuta ya kufukuza mbu yabaki nyumbani kwa yeyote anayetarajia kugusa chura. Ngozi ya chura hunywa. Kilicho mkononi mwako kinaingia mwilini mwake.

Mkifika majini, zimeni tochi zote. Dakika kumi bila neno. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini wewe si ng'ombe, simama usikilize. Mwanzoni ni mngurumo mmoja tu. Dakika ya tatu au ya nne sikio linaanza kuutenganisha: yule wa chini anayekoroma kama mtu anayefungua mlango mbovu, yule wa majanini anayegonga kama kokoto mbili, na mwingine wa mbali anayepuliza filimbi na kunyamaza. Kila spishi ina mlio wake, na wanaoita karibu wote ni madume. Rekodini kwa simu nusu dakika kwa kila mlio, na mseme kwa sauti mwisho wa rekodi: tarehe, saa, mahali.

Kisha mtafuteni mwimbaji mmoja. Ukimfuata peke yako utazunguka nusu saa, maana sauti hudanganya. Wawe wawili, wasimame hatua tano au sita mbali mbali, kila mmoja anyooshe mkono kuelekea sauti. Pale mistari ya mikono inapokutana, tazameni hapo, na si hatua moja pembeni. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mikono ilikutana kwenye jani moja la gugu lililokuwa mbele ya macho yetu muda wote. Chura mwenyewe alikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kifuko cha koo lake kilipotuna kilikuwa kikubwa kuliko kichwa. Mwenzetu aliyekuja kwa kusukumwa na mkewe alipiga magoti kwenye tope na hakusimama mpaka tukamwita mara tatu. Huyo ndiye anayetunza daftari letu sasa.

Mbinu nyingine za usiku ni hizi. Shikilia tochi kando ya jicho lako, usawa wa shavu, na macho ya wanyama yatakurudishia mwanga. Tochi ikiwa kiunoni huoni kitu. Vinyonga wakilala hupauka na kujishikilia kwenye ncha za matawi, wakang'aa kwenye mwanga kama mtu aliyetundika soksi nyeupe mtini. Mchana ungepita chini yao mara kumi. Mijusi kafiri wako kwenye kuta karibu na taa.

Gogo linainuliwa hivi: simama upande mmoja, shika ukingo wa upande wa pili kwa kulabu au fimbo, livute kuelekea kwako. Uwazi unafunguka upande ule, na gogo lenyewe linabaki kama ngao kati ya miguu yako na aliyemo ndani. Mkono usiingie mahali jicho halijaingia. Ukishamwona, usimrudishie gogo mgongoni. Lirudishe taratibu kwanza, kisha mwelekeze mnyama ukingoni aingie mwenyewe.

Kuhusu kugusa, kawaida msiguse. Ikibidi kumwondoa chura barabarani, lowesha mikono kwa maji ya pale pale au vaa glavu safi, jozi mpya kwa kila chura. Mjusi usimshike mkia. Wengi huukata na kuuacha, na kuuotesha tena kunamgharimu akiba ya chakula. Kobe usimwinue bila sababu. Akiogopa anaweza kukojoa maji aliyojiwekea kibofuni, na kiangazi akiba hiyo ndiyo uhai wake.

Mkimaliza, osheni viatu. Wapya huona kama ushamba, kwa hiyo waeleze sababu. Mwaka 1989 wanahepetolojia walikutana Canterbury, Uingereza, kwenye kongamano lao la kwanza la dunia, na katika mazungumzo wakagundua kwamba kila mmoja alikuwa na hadithi ile ile: vyura wa kwetu wanatoweka, hata misituni pasipokatwa mti. Mmoja wa wauaji wakuu alipewa jina miaka kumi baadaye, 1999: Batrachochytrium dendrobatidis, fangasi wa ngozi anayesafiri kwenye maji na tope. Tathmini iliyochapishwa 2019 ilihesabu spishi zisizopungua 501 alizozipunguza, na kati yake 90 zinadhaniwa zimekwisha kabisa. Basi sugua tope lote kwa brashi kabla ya kuondoka, pulizia maji yenye klorini nyumbani, suuza, na anika mpaka vikauke kabisa. Usitoke dimbwi moja kwenda jingine usiku huo huo na buti zile zile.

Hatua ya 5: Daftari

Chama kinaweza kupoteza mwenyekiti kikaendelea. Kikipoteza daftari kinaanza upya. Kila matembezi yaandikwe: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watafutaji, hali ya hewa, mahali pamoja na vipimo vya GPS, spishi au maelezo yake, idadi, na alikuwa akifanya nini. Muda na idadi ya watafutaji ndivyo vinavyosahaulika sana, na bila hivyo namba nyingine hazina maana: vyura kumi walioonwa na watu wawili kwa nusu saa si sawa na vyura kumi walioonwa na watu tisa kwa saa tatu. Usiku mliotoka kapa uandikwe pia.

Neno "chura" kwetu linabeba spishi nyingi mno, na "mjusi" vivyo hivyo, kwa hiyo andikeni jina la kisayansi kando ya jina la mazoea, na alama ya kuuliza pale msipokuwa na hakika. Kilatini kisiwatishe. Kuna jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya vinyonga inayoitwa Kinyongia, iliyopewa jina hilo 2006, na hakuna haja ya kuwaambia wametoa wapi neno.

Picha za kutambulisha ni tatu: mwili mzima kutoka juu, kichwa kutoka ubavuni, na mwili mzima kutoka ubavuni. Kwa chura, hakikisha ngoma ya sikio na nafasi kati ya vidole zinaonekana. Kwa mjusi na nyoka, magamba ya kichwa. Kwenye programu ya iNaturalist, inayotumika tangu 2008, watu wa nchi mbalimbali watawasaidia kutambua, na spishi nyingi zilizo hatarini hufichiwa mahali kamili zenyewe. Zisizofichwa unaweza kuzificha mwenyewe. Fanya hivyo.

Chagueni njia moja ya kurudia kila mwezi. Moja inatosha.

Hatua ya 6: Wanaofuga

Watakuja, na wengi wao ni watu makini kuliko tunavyowadhania. Wapeni jioni yao moja kila baada ya miezi miwili mitatu, wazungumzie malezi. Mada hazikauki. Taa ya UVB, ile ya kutoa miale kama ya jua, kwa mfano: wengi huiweka nyuma ya kioo, na kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote inayotakiwa; wengine hungoja iungue ndipo wabadilishe, ilhali miale hufifia miezi mingi kabla ya mwanga. Bila miale hiyo mjusi wa mchana au kobe hatengenezi vitamini D3, kalsiamu haishiki, na mifupa inalegea mpaka taya linapinda. Mnyama aliyelegea hivyo ukimwona mara moja hutasahau kubadilisha taa. Jioni nyingine iwe ya joto la kizimba: lazima kuwe na upande wa moto na upande wa baridi, mnyama achague mwenyewe.

Wanyama wasiletwe mkutanoni ila kwa mpango, mmoja au wawili, kila mmoja ndani ya chombo chake, na wasishikwe kwa kupokezana. Anayepata mnyama mpya amtenge chumba kingine walau siku tisini kabla ya kumkaribisha kwa wenzake; utitiri na magonjwa ya tumbo hujitokeza polepole. Watambaazi wengi hubeba bakteria wa Salmonella, wanaoharisha watu, bila wenyewe kuugua. Marekani ilipiga marufuku 1975 kuuza kasa wadogo wa kufugwa wenye gamba lisilofika inchi 4 kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Sabuni na maji viwe mlangoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasishike kabisa.

Jambo moja liandikwe kwa herufi kubwa: aliyechoka kufuga haachii mnyama porini. Chatu kutoka Asia waliotoroka au kuachiwa Florida wamezaana na kutafuna wanyama wa vinamasi vya Everglades vya huko kiasi kwamba hakuna anayejua namna ya kuwamaliza. Afadhali chama kiwe na orodha ya wanachama walio tayari kupokea mnyama aliyekosa makao, kwa kufuata sheria.

Hatua ya 7: Simu za usiku

Miezi sita haitapita kabla mtu hajapiga: "Nyoka yuko jikoni, njooni." Amueni mapema. Ushauri wangu: chama kisiwe kikosi cha uokoaji. Muwe na namba za watu waliofunzwa na wenye kibali, na mtu mmoja wa zamu anayejua cha kusema kwenye simu. Cha kusema ni kifupi. Rudi nyuma hatua kadhaa. Toa watoto na mbwa. Mtu mmoja amtazame nyoka kwa mbali asipotee machoni. Kama yuko chumbani, funga mlango na uzibe upenyo wa chini kwa taulo. Piga picha ukiwa mbali, nitumie. Nusu ya simu huishia hapo kwenye picha: ni nyoka asiye na sumu, au mjusi asiye na miguu, na mara moja kwetu ulikuwa mkanda wa suruali.

Kwa kuumwa, kila mwanachama ajue haya kwa moyo. Mtoe mtu mbali na nyoka, mtulize, asitembee kama mnaweza kumbeba. Vua pete, bangili, saa na kiatu kabla uvimbe haujafika. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Hospitali, papo hapo. Usikate, usinyonye, usikaze kamba, usiweke barafu, usimkimbize nyoka ili kumpeleka kama ushahidi. Sumu ya swila anayetema ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na kwa muda mrefu, kisha hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na 2017 liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Jirani anayewaogopa nyoka hajakosea kuogopa, na mwanachama anayemcheka anapunguza idadi ya watakaopiga simu kabla ya kuchukua jembe.

Hatua ya 8: Vyeo, fedha, usajili

Haraka haraka, maana hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi zaidi na kupata kidogo zaidi. Mnahitaji watu watatu: wa kalenda, wa daftari, wa fedha. Mwenyekiti atajitokeza. Ada iwe ndogo ya kutosha betri, klorini na nakala za fomu. Pesa zikae kwenye akaunti inayohitaji saini mbili, na taarifa yake isomwe kila baada ya miezi mitatu hata kama ni mistari minne. Sajilini chama pale tu usajili unapowafungulia mlango fulani: kibali cha utafiti, akaunti ya benki, msaada wa taasisi. Katiba ya kurasa mbili inatosha, na zile kanuni nne ziwe ukurasa wa kwanza.

Ugomvi mtakaoupata

Utakuwa wa picha. Kijana mmoja hodari, anayependwa na wote, atatuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya kifutu akiwa amemshika mkononi, na kundi litamjibu kwa makofi. Usimkaripie mbele ya watu. Mpigie simu usiku huo huo, mwambie picha ifutwe, na mkumbushe kanuni. Akirudia, anatoka, hata kama ndiye mwenye gari. Tulimbakiza mmoja kwa sababu ya gari, na kwa miezi minne kila kijana mpya alitaka apigwe picha akimshika nyoka.

Ugomvi wa pili ni wa siri: nani anajua dimbwi gani, nani kampeleka nani. Orodha ya maeneo nyeti ikae kwa watu wawili, na kila anayepelekwa aandikwe.

Kalenda ya mwaka wa kwanza

Mvua za kwanza: matembezi ya vyura mara mbili kwa mwezi, hakuna kingine. Mvua zikipungua: viluwiluwi, mchana, pamoja na watoto, sahani nyeupe ya kina kifupi yenye maji ya dimbwi inawashughulisha asubuhi nzima. Kiangazi: kuta, miamba na mijusi, na usiku mmoja au miwili ya vinyonga. Katikati ya mwaka, mwalikeni mhudumu wa afya awafundishe huduma ya kwanza kwa vitendo, mfungane vitambaa na kubebana. Jioni mbili za wafugaji. Mkutano mmoja wa fedha, mfupi. Na mvua zikirudi, rudini mtaro ule ule, saa ile ile, zimeni tochi, mkiwa na daftari la mwaka jana kwapani.